Kuku wa Floribert

Asubuhi Athanasie alipoamua kumuuza kuku wa Floribert, alifagia kwanza uwanja wote, akamwaga majivu, akamsalimu mama yake, Mama Adelaïde, kisha akaenda moja kwa moja bandani na kumkamata yule kuku miguu yote miwili kabla moyo haujamgeuka. Kuku akapiga kelele za kuitia majirani. Alikuwa jike la madoadoa, zito, kishungi chake kimelala upande mmoja, na kwa miaka mitatu alikuwa ameishi Nyamitaba bila kuogopa kisu cha mtu yeyote. Alidonoa maharagi ya mbegu, akalala juu ya viatu vya watu, akapita katikati ya mkutano wa akina mama wa kanisa bila kuomba njia. Hakuna aliyemgusa. Kila mtu alijua ni wa nani.

"Unaipeleka wapi?" Mama Adelaïde aliuliza, bado ameshika kikombe cha uji.

"Mubi. Naenda kuiuzisha."

"Kuku ya mugeni haiuzishwake."

"Mugeni gani, Mama? Miaka tatu! Ule njo mugeni ao ni mufu?"

"Usimuite mufu muntu mwenye kupumua," mama akasema. "Na uongeze sauti kidogo, bamama ba ku kisima habakusikia."

Sasa hapa lazima tuelewane, maana mtu asiyetoka kwenye milima ya Masisi ataona hawa wanagombania kitoweo. Sivyo. Kule Nyamitaba, mgeni aliyekaa kwako akiaga, unampa kuku mlangoni, mzima, miguu imefungwa. Akimpokea na kumtia kwapani, amekwambia: nitarudi. Hata asiye na nia ya kurudi, akiwa na adabu, humpokea na kwenda kumgawa mbele ya safari. Akimwacha mkononi mwako, amekwambia: usiningoje. Na kuku aliyekwisha kutolewa hivyo hachinjwi na wenye nyumba wala hauzwi, mpaka mgeni amchukue au habari za kifo chake zifike. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali popote. Lakini jaribu kuivunja, uone watakavyokusema kisimani.

Floribert alimwacha kuku mkononi mwa Athanasie. Mbele ya watu.

Huyu Floribert alikuwa mtumishi wa Tume ya Uangalizi, ile iliyoundwa kuwachunguza wakusanya kodi wa taifa, ambayo wananchi walichoka na jina lake refu wakaiita Macho, basi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na daftari na kuuliza watu wanalipishwa nini, wapi, na kwa karatasi gani. Alifika Nyamitaba wakati wa kuvuna maharagi, kwa sababu wanawake wa pale ndio waliokuwa wakiyapeleka hadi Mubi, ndani ya msitu wa Walikale, kuwauzia watu wa migodi. Na kabla ya kuingia Mubi palikuwa na bariere ya kodi isiyo na huruma: gogo limelazwa njiani na kijumba cha mkusanyaji kando yake. Mwanamke alilipa akienda, akalipa tena akirudi na magunia matupu. Akiuliza, aliambiwa ni serikali inataka. Wengine waliacha mzigo mzima pale, wakarudi milimani wanalia. Aibu tupu!

Athanasie alikuwa na miaka thelathini na miwili, mjane wa miaka mitano, sauti ya kwanza katika kwaya, na mdomo anao. Wenzake walizitupa zile risiti za bariere. Yeye alizibana ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Jumapili moja, mahubiri yalipokuwa marefu kupita kiasi, akaanza kuzikagua, akaona risiti ya mwezi wa tatu na ya mwezi wa tano zina namba ile ile. Namba moja, siku mbili. Maana yake vitabu vya risiti vilikuwa viwili: kimoja cha serikali, na kingine cha wakubwa wa bariere wenyewe, na kilichokusanywa kwa kile cha pili serikali haikukiona hata kwa ndoto.

"Mama Athanasie," Floribert alisema alipoonyeshwa, "hizi ulizitoa wapi?"

"Mu kitabu ya nyimbo. Zilikuwa kwa wimbo ya kuomba mvua."

Floribert akacheka. Alikuwa na kicheko cha mtu ambaye hakutegemea kucheka siku hiyo, na Athanasie akajikuta anatafuta neno lingine la kumchekesha. Mambo yalianza pale.

Ushahidi wa risiti mbili unaandikwa asubuhi moja, tusidanganyane. Floribert aliuandika siku kumi na mbili. Kila asubuhi alipanda shambani na daftari lake, akaketi juu ya gunia, akauliza swali moja ambalo jana alikuwa ameshaliuliza, akaandika. Kisha aliweka kalamu sikioni na kuanza kupukuchua maharagi pamoja naye. Alipukuchua haraka kwa mtu wa msituni. Alimsimulia juu ya kwao Hombo, malori yaliyokwama njiani na wachuuzi wanaolala chini yake, na juu ya nyanya yake, aliyetolewa Nyabiondo akaolewa kule kwenye joto, akalilia ukungu wa Masisi mpaka alipokufa. Alimwita dada. Siku ya nne akamwita Athanasie.

Kitu kimoja tu kilimkera Athanasie: yule mwanaume hakula. Alipikiwa sombe la majani ya muhogo, akapikiwa viazi na maharagi mapya, akafunikiwa sahani safi. Yeye alitoa mfukoni muhogo wake wa baridi uliofungwa kwenye jani, akautafuna huku chakula kinapoa mbele yake. Hata maji alikunywa ya chupa yake.

"Unaogopa sumu?" Athanasie alimuuliza siku moja, kwa hasira kabisa.

"Hapana, Athanasie. Siogope sumu."

"Basi ni maringo."

"Hata maringo hapana," akasema, akaangalia kilima cha ng'ombe upande wa pili. "Kama hii kazi ingekuwa imekwisha..."

Hakuimaliza ile sentensi. Athanasie aliingoja kesho yake, na keshokutwa. Miaka mitatu baadaye alikuwa bado anaingoja, akiimalizia mwenyewe kwa namna mia moja, anapolima, anapofua, anapoimba zaburi.

Siku ya kuondoka, gari la Macho lilisimama mbele ya kanisa na nusu ya kijiji ikaja kuaga. Athanasie alikuwa amechagua kuku aliye bora, kijana, wa madoadoa, akamfunga miguu kwa utepe wa kitenge chake kipya. Akamnyoosha kwa mikono miwili. Na Floribert, mbele ya katekista, mbele ya kwaya, mbele ya Mama Adelaïde aliyekuwa amevaa vizuri kwa ajili ya siku hiyo, aliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Siwezi kupokea, Mama," akasema. "Aksanti."

Mama! Siku nane alikuwa Athanasie, leo amekuwa Mama. Akaingia garini. Mtu mmoja akakohoa, na watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wanaangalia chini. Laiti Floribert angekuwa mgeni asiyejua mila, angesamehewa. Lakini alikuwa na nyanya wa Nyabiondo. Alijua vizuri sana alichokikataa.

Basi kuku akabaki, akapewa jina. Mwanzoni watu walinong'ona, halafu wakazoea, halafu wakageuza utani. "Athanasie, bwana yako ametaga leo?" "Athanasie, nimeona Floribert mu bustani yangu, mufunge kamba!" Alijibu kwa utani mkali zaidi, akawachekesha wote, akaenda nyumbani akafunga mlango. Alimtamani mwanaume yule. Alitamani vidole vyake kwenye maganda ya maharagi, alitamani kicheko chake, alitamani hata ule muhogo wa baridi uliomkasirisha. Gari likilia bondeni, jembe lilisimama hewani mpaka lipite. Halafu alijitukana kwa sauti, na kuku, aliyekuwa anamfuata shambani, alimwangalia kwa jicho moja.

Vita vilifunga barabara, vikafungua, vikafunga tena. Bariere ya Mubi haikufungwa hata siku moja. Watu wakasema Macho yamepofuka. Na ghafla, wiki ile, ikaja barua yenye muhuri: Mama Athanasie wa Nyamitaba anaitwa Mubi kuthibitisha ushahidi wake mbele ya Tume, hadharani, watu wote wakisikia. Chini kulikuwa na orodha ya watakaokuwepo. Jina la Floribert lilikuwa la tatu.

Ndiyo maana alimkamata kuku. Alitaka kufika mbele ya mtu yule akiwa hana deni la kungoja. Alitaka kumwangalia usoni, atoe maneno yake, apande pikipiki, na arudi nyumbani mwepesi.

Safari ya kushuka hadi Mubi ni siku mbili, kama Mungu amependa. Alimlipa Papa Polycarpe, dereva wa pikipiki mwenye mvi na jaketi la mvua lililoshonwa mara tano. Walipita malisho ya ng'ombe, wakaacha ukungu nyuma, wakaingia msituni ambako joto lilimkaba koo na tope lilifika kwenye magoti. Kuku alikuwa kwenye kikapu, kichwa nje, anatazama miti.

"Hii kuku inatembea kuliko mimi," Papa Polycarpe alisema. "Iko na pasipoti?"

"Endesha tu, Papa."

Kwenye bariere ya kuingilia Mubi walisimamishwa. Gogo lilikuwa lile lile, limelala njiani kwa kiburi chake chote. Kijumba kilikuwa kile kile. Mkusanyaji akamulika kikapu kwa macho. "Kuku inalipa," akasema. Athanasie akalipa kodi ya kuku wa Floribert, akapokea risiti, akaibana kwenye kitabu cha nyimbo. Mikono ilikuwa inamwasha kwa hasira.

Sokoni, asubuhi iliyofuata, alimpata Mama Francine, mwenye mgahawa karibu na kituo cha malori. Mama Francine alimpima kuku kwa mkono, akapuliza manyoya ya kifuani, akataja bei nzuri kuliko alivyotarajia. Walikubaliana: Athanasie atoke kwanza kwenye kikao, saa sita amkabidhi kuku, achukue fedha zake.

"Usichelewe, mama. Batu ba malori bananiomba kuku tangu jana," Mama Francine akasema.

"Sitachelewa."

Kikao kilikuwa katika ukumbi wa parokia. Watu walijaa hadi madirishani: wachuuzi, wapagazi, wanawake wa Masisi walioishi Mubi kwa sababu ya vita, wawindaji waliolipishwa kodi ya nyama ya mtego. Mbele waliketi watu watatu wa Tume, na katikati yao mwenyekiti, Mama Olga, jaji mstaafu, mdogo wa mwili, miwani yake imefungwa kwa uzi. Kulia aliketi Jean-Luc, mkuu wa bariere, suti imenyooshwa, viatu vinang'aa kana kwamba Mubi hakuna tope. Pembeni yake, mwanasheria wake, Maître Josiane. Na kwenye benchi la ukutani, amekonda, mvi zimeanza kwenye masikio, aliketi Floribert.

Athanasie alikuwa ameyaandaa macho yake njia nzima yamwangalie kwa ubaridi. Yakakataa. Alimwona, na miaka mitatu yote ikamrudia kifuani kwa mara moja. Floribert hakuinua kichwa. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kuku alibaki mlangoni na Papa Polycarpe, kwa sababu mlinzi alikataa kabisa kikapu kiingie.

Athanasie aliapa, akaeleza habari za risiti zake mbili, akaonyesha karatasi ambayo Floribert alimsainia siku alipozichukua. Mama Olga akainua zile risiti juu ili watu waone, namba moja, siku mbili, na ukumbi ukanguruma. Ndipo Maître Josiane akasimama. Alikuwa na sauti tamu, ya kumbembeleza mtoto ale.

"Mama Athanasie, huyu Bwana Floribert unamujua?"

"Namujua. Njo aliandika maneno yangu."

"Alikuya kwako siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Siku kumi na mbili, kwa karatasi mbili!" Watu wakacheka. Maître Josiane akawangoja wamalize. "Nasikia mu kijiji yenu kuko kuku moja yenye haiguswe na muntu. Banaiitaka je, ile kuku?"

Kumbe utani wa kisimani ulikuwa umetembea siku mbili za msitu na kufika kabla yake.

"Jibu, Mama. Uko chini ya kiapo."

"Kuku ya Floribert," akasema.

Ukumbi ukalipuka. Maître Josiane akageukia Tume, akaongea kwa kujiamini: mchunguzi ana kuku nyumbani kwa shahidi. "Ni mahari ao ni mulungula, haituangalie. Ushahidi wa mupenzi si ushahidi. Naomba maneno ya huyu mama yatupwe, na zile karatasi mbili zitupwe pamoja nayo." Na bila zile karatasi mbili, kila mtu mle ndani alijua, hakukuwa na kesi. Jean-Luc angerudi kwenye kijumba chake mchana ule ule, na gogo lingelala njiani miaka mingine kumi.

Athanasie angeweza kusema ni utani wa watu tu, kuku ni wake, jina ni la kuchekesha. Ungekuwa nusu ya ukweli, na aibu yake ingebaki Nyamitaba, ambako walishaizoea. Aliangalia benchi la ukutani. Floribert alikuwa ameinua kichwa sasa, na uso wake ulikuwa wa majivu. Kisha akawaangalia wanawake wa magunia, waliokuwa wamejibana kwenye kona ya nyuma.

"Kuku ni yangu," akasema. "Nilimupatia siku ile anaondoka. Nilimupatia juu nilimupenda. Siwezi kudanganya Mungu. Yeye alikataa. Aliweka mikono ku mugongo, mbele ya watu bote."

"Eeee!" Wanawake wa Masisi walipiga kelele kwa pamoja, kelele za msibani. Mmoja akasimama bila kuomba ruhusa: "Mama President, kwetu kumukatalia muntu kuku ya kuaga ni kumuzika muzima! Hakuna muntu anaweza jisingizia haya ya vile!"

Mama Olga akagonga meza. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa tena.

"Mama Athanasie. Alikula kwako?"

"Hapana. Siku kumi na mbili nilipika. Siku kumi na mbili alikula muhogo yake ya baridi."

"Maji?"

"Ya chupa yake."

"Alikuomba kitu? Alikupa kitu?"

"Hapana. Hii karatasi ya risiti tu."

"Kuku, hakuipokea."

"Hakuipokea, Mama."

Na alipokuwa anajibu hivyo, hapana juu ya hapana, sauti yake ikaanza kumpungukia, kwa sababu alikuwa anayasikia majibu yake mwenyewe. Yale yote yaliyomchoma miaka mitatu yalikuwa yanapangwa mezani moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa linamfungia Maître Josiane mlango. Sahani iliyopoa. Chupa ya maji. Mikono nyuma ya mgongo. Yule mtu alikuwa ameiona siku hii tangu mwanzo. Hakuwa amemkataa yeye. Alikuwa amekataa mtu yeyote apate sababu ya kuutupa ushahidi wa Athanasie. Mungu wangu, Athanasie akawaza, na mimi nimemlaani kila siku niliyopalilia.

Maître Josiane aliketi.

Tume ilitoka, ikarudi. Mama Olga akasoma kwa sauti kavu: ushahidi umepokelewa, risiti zimepokelewa, bariere inafungwa kuanzia saa ile, Jean-Luc anasimamishwa kazi, na dosie ya kesi inapelekwa mahakamani, ambako shahidi ataitwa tena. "Na mpaka mahakama imalize," akaongeza, akiwaangalia watu wake juu ya miwani, "mutumishi wa Tume asipokee kitu kwa shahidi, asimupe kitu. Kwa hii kesi mumeona banatafuta hata unyoya."

Nje, kelele zilikuwa zimeshafika bariere kabla ya watu. Pikipiki zilipiga honi mfululizo, na wanawake walikuwa wanakimbilia kule, vitenge vimekunjwa mkononi, kwenda kuliona gogo likisukumwa mtaroni. Athanasie hakukimbia. Alichukua kikapu chake kwa Papa Polycarpe, akasimama kando ya ukuta wa parokia, na kuku akatoa kichwa.

Floribert akaja. Akasimama hatua tatu mbali naye.

"Athanasie."

Athanasie alikuwa amelingoja jina hilo, kwa sauti hiyo, miaka mitatu.

"Nilijua maana ya kuku," Floribert akasema. "Nyanya yangu alinifundisha. Kama ningekuelezea juu ya nini nakataa, ningekuambia yote, na siku bangekuuliza ungelazimika kusema."

"Najua. Nimejua leo, pale ku kiti."

"Sikulala siku ile. Na zingine mingi." Akamwangalia kuku. "Njo yeye? Ule ule?"

"Njo yeye. Amezeeka."

Floribert akacheka, kile kicheko chake. Akasogea hatua moja, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu.

"Nipatie sasa. Nitaandika barua ya kuacha kazi leo, mbele ya saa kumi. Nimechoka, Athanasie. Nipatie kuku yangu."

Ilikuwa mikono ile ile. Alama ya wino ilikuwa bado kwenye kidole. Athanasie aliitamani ile mikono. Ilibaki kunyoosha tu, basi, na miaka mitatu ingekwisha pale pale ukutani. Lakini kwenye ngazi za ukumbi Maître Josiane alikuwa amesimama na mkoba wake, hajaondoka, na alikuwa anaangalia upande wao. Jean-Luc alikuwa nyuma yake. Kutoka bariere zilisikika vigelegele vya wanawake.

Athanasie akachukua kikapu kwa mikono miwili, akakiweka nyuma ya mgongo wake.

"Siwezi kukupatia, Papa," akasema. "Aksanti."

Floribert alibaki na mikono hewani. Taratibu uso wake ukafunguka, akaelewa, akashusha mikono. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi na hakuyafuta.

"Kesi haiyaisha," Athanasie akasema, polepole.

"Inaweza kukamata mwaka. Inaweza kukamata miwili."

"Kuku inakula bado vizuri."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshajua kungoya. Enda, banatuangalia."

Akaenda. Hakugeuka, na Athanasie, aliyemlaani mara elfu kwa kutogeuka siku ile ya Nyamitaba, safari hii alimwombea Mungu asigeuke. Gari la Macho likawaka, likapita mbele ya ngazi, likashika barabara ambayo sasa haikuwa na gogo. Alilisikiliza mpaka msitu ulipolimeza. Kisha akakileta kikapu mbele, akambandika kuku kifuani na kulia ndani ya manyoya yake, kilio cha kelele, bila kujali nani anapita.

Aliyepita alikuwa Mama Francine, jasho usoni, fedha mkononi, kisu kiunoni.

"Mama, saa sita imepita! Leta kuku, maji inachemuka."

Athanasie akajifuta uso kwa kitenge. Akafunga upya utepe wa miguuni, vizuri, usimkaze.

"Unisamehe, Mama," akasema. "Haiuzishwe. Iko na mwenyewe."